Kubana Mdomo wa Ganda: Istilahi za Ujazaji Upya wa Risasi za Bastola

Neno risasi limebeba mzigo wa maana tatu katika Kiswahili: madini mazito laini, kipande kinachotoka mtutuni, na kitu kizima kinachopakiwa kwenye silaha. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huondoa utata. Katika sheria hauondoi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa tarehe 31 Mei 2001, inahesabu kuwa risasi kitu kizima pamoja na sehemu zake, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa, iwapo sehemu hizo zenyewe zinahitaji kibali katika nchi husika. Mfasiri asiyetenganisha maana hizo hujikuta akiandika kwamba risasi ni risasi au sehemu zake, zikiwamo risasi. Makala haya yanaitazama kazi moja ambamo utata huo hauvumiliki: kubana mdomo wa ganda wakati wa kujaza upya risasi za bastola zinazojipakia zenyewe.

Ujazaji upya umeenea Marekani miongoni mwa walenga shabaha. Ganda lililokwisha kutumika, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hurudishwa katika kipenyo chake, huwekewa fataki mpya, kisha mdomo wake hupanuliwa kidogo mithili ya kengele ili kichwa kiingie bila kukwanguliwa. Baada ya baruti na kichwa kuwekwa, upanuzi ule hauna budi kuondolewa, la sivyo risasi itakwama ikiingia chemba. Kifaa kinachouondoa ndicho kiini cha tatizo la istilahi.

Kitenzi kukunja hujitokeza upesi akilini, nacho kinafaa kwa risasi za bastola za silinda, kwa mfano .38 Special. Hizo huzuiwa na ukingo wa kitako zisizame chemba. Kwa hiyo mdomo wa ganda waweza kukunjwa ndani ya mfuo uliochongwa kichwani. Risasi ya milimita 9 Luger ni kinyume chake. Ganda lake, lenye urefu usiozidi milimita 19.15, husimama chemba kwa mdomo wenyewe. Ukiukunja mdomo huo, kituo kimeondoka: risasi huweza kuingia ndani kupita kiasi, na pini isiifikie fataki ipasavyo. Hapa mdomo hubanwa tu, kwa mteremko mdogo, hadi kipenyo chake kisizidi milimita 9.65. Kukunja na kubana si visawe. Mwongozo utakaovichanganya utamwelekeza msomaji kwenye kosa.

Kurekebisha kifaa kunahitaji subira. Hushushwa kwa skrubu mpaka kiguse mdomo wa ganda, kisha huongezwa kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko, kipimo kikichukuliwa kila mara, na mwishowe nati ya kufungia hukazwa. Maganda yakitofautiana urefu, lililo refu hubanwa zaidi ya wenzake. Jaribio linaloaminika ni la mtutu uliotolewa kwenye bastola: risasi hudondoshwa chemba, nayo hupaswa kuingia kwa uzito wake na kutoka vivyo hivyo mtutu ukigeuzwa.

Wanaoanza hudhani kwamba kubana zaidi hushika zaidi. Shaba nyeupe, ikishaminywa, hurudi nyuma kidogo; risasi laini ya kichwa hairudi. Matokeo yake ni kichwa kinacholegea kwa sababu kimebanwa mno. Kichwa kilicholegea husukumwa ndani ya ganda risasi inapogonga njia ya kuingilia chemba, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo huweza kupanda kufikia kiwango cha kuharibu silaha na kumjeruhi mpigaji. Kinachokishika kichwa ni mkazo wa kuta za ganda, wala si mdomo.

Kuhusu jina la kifaa, mafundi chuma hutumia dai, neno linalokumbusha kwanza kukata meno ya skrubu. Kiswahili kina kalibu, lenye asili ya Kiarabu. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilohilo la Kiarabu na jina ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa kipenyo cha mtutu. Kasoro yake ni kwamba kalibu hufahamika zaidi kama chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa, na vichwa vya risasi navyo husubiwa hivyo. Tofauti yaweza kulindwa na vitenzi: kalibu ya kusubia na kalibu ya kubania. Krimpi, ambalo baadhi ya watafsiri wangelipendelea kwa wepesi wake, lingefunika kukunja na kubana kwa pamoja, na hivyo kurudisha utata uleule.

Kwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, jambo hili linagusa pia ushahidi. Ganda lililojazwa upya laweza kuwa na alama za silaha zaidi ya moja pamoja na mikwaruzo ya kalibu. Shahidi anayeieleza mahakama kwa Kiswahili kwamba risasi imeokotwa hajasema bado kama ni ganda, kichwa au kitu kizima.