Je, Sura ya Serikali Ndiyo Iifanyayo Nchi Kuwa ya Ujamaa? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizieleza aina za serikali zilizo mashuhuri duniani, yaani ufalme wa mamlaka kamili, ufalme wa katiba, jamhuri ya vyama vingi na jamhuri ya chama kimoja. Leo tumekusudia kulijibu suala ambalo aghalabu huzusha ubishi barazani: nchi ikishajulikana serikali yake ni ya namna gani, je, huwa imekwisha julikana pia kuwa ni ya ujamaa au ya ubepari? Wako wanaodhani kuwa mfalme na ujamaa ni mahasimu, na kwamba palipo na jamhuri, hasa ya chama kimoja, ujamaa hauko mbali. Dhana hii haisimami mbele ya ushahidi wa tarehe.

Tuitazame Uingereza. Mwezi wa Julai 1945 chama cha Leba kilishinda uchaguzi, na Clement Attlee akapokea uwaziri mkuu kwa Mfalme George wa Sita, kwa desturi zile zile walizoingilia mawaziri wakuu wa Kihafidhina waliomtangulia. Serikali yake iliitaifisha Benki ya Uingereza mwaka 1946. Tarehe 1 Januari 1947 ikaitwaa migodi ya makaa ya mawe na kuwalipa fidia waliokuwa nayo. Na mwaka 1948 ikazichukua reli. Taji halikuguswa, wala Baraza la Malodi halikufungwa. Kisha mwaka 1994 serikali ya chama kingine, chini ya taji lilo hilo, iliiuza migodi iliyosalia kwa kampuni za watu binafsi. Maadamu milki iliingia mikononi mwa umma na kutoka, ilhali sura ya dola ni ile ile, itasemwaje kuwa sura hiyo ndiyo iliyokata shauri?

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa chini ya Malkia wa Uingereza. Mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri. Na mwaka 1965, ikiwa imekwisha ungana na Zanzibar, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, TANU bara na ASP visiwani. Mageuzi yote hayo yalipita na mabenki makubwa yakabaki kwa kampuni za kigeni, hata lilipotangazwa Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, na siku ya pili yake mabenki yakataifishwa. Kubadili nahodha si kubadili mwenye chombo.

Hata hivyo, asije mtu akahitimisha kuwa namna ya kutawala haina uzito wowote. Azimio lenyewe, pamoja na kutaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi, liliitaja demokrasia kuwa ni sharti la ujamaa, tena likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Waliolitunga walitambua kwamba mali ya umma haijisimamii, bali husimamiwa na mawaziri, mameneja na makarani. Na raia asipokuwa na njia ya kuwahoji na kuwaondoa hao, mali itaitwa ya wote na manufaa yake yatakuwa ya wachache.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kuijua nchi ya ujamaa asianze kwa kuuliza kama ina mfalme au rais. Na aulize kwanza migodi, mabenki na ardhi ni milki ya nani; kisha aulize kama wale wanaotajwa kuwa ndio wenyewe wanaweza kumwajibisha anayeishika kwa niaba yao. Swali la kwanza halijibiwi na jina la serikali, na la pili hujibiwa na uwezo halisi wa raia, uwe chini ya taji au chini ya bendera ya jamhuri.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaichungua Uswidi, ambako chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia kilitawala tangu 1932 hadi 1976, isipokuwa kwa muda mfupi, chini ya wafalme, kikaviacha viwanda vingi kwa matajiri na kuligawa pato kwa njia ya kodi. Nasi tutauliza kama kugawa pato pasipo kushika milki kwastahili kuitwa ujamaa.