Kidonda Kimepona, Lakini Baba Si Yule

Pale njia panda ya Usagara, barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Geita, bodaboda hazilali. Walioumia vibaya kichwani hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Sisi wauguzi tunaowatembelea nyumbani baadaye tunakuta taabu nyingine, isiyoonekana kwenye kovu.

Baba amerudi, anakula, anatembea. Majirani wanamshukuru Mungu. Lakini umemtuma sokoni dagaa, mafuta na chumvi. Amerudi na chumvi tu. Alikuwa mpole, sasa anafoka mbele ya wageni. Saa nne yuko bado kitandani. Mawifi wanasema amerogwa. Wewe moyoni unasema amekuwa mvivu, au hanipendi tena.

Mama, si uvivu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga, kuanza kazi na kuzuia hasira. Ikijeruhiwa, mtu huweza kujua kabisa kwamba kuku hawajafunguliwa, asiweze kuinuka akawafungulia. Tena ubongo huo huchoka upesi. Kelele za watoto pamoja na redio humlemea. (Kiharusi na malaria iliyopanda kichwani navyo huweza kuacha hali kama hii.)

Mtume jambo moja kwa wakati, na umwandikie. Kazi ngumu aifanye asubuhi, kisha apumzike. Fedha za ada tunza wewe kwa sasa, ila umshirikishe, maana bado ni baba wa nyumba. Hasira ikipanda usibishane. Toka na watoto. Akikupiga, usinyamaze eti kwa kuwa ni mgonjwa: mwambie daktari, na mtu mzima unayemwamini.

Kifafa huweza kuanza hata miezi mingi baada ya ajali. Basi asiendeshe pikipiki wala kuingia ziwani na mtumbwi mpaka daktari aruhusu. Vidonge asiviache kwa kujisikia nafuu. Pombe aiache. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika au akisinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mengine hurudi polepole, hata baada ya mwaka, mengine hayarudi. Nawe unahitaji kupumzika. Akina mama wa kanisa wakija kukusalimu, usiwapikie chai: mwombe mmoja akae na baba, uende ukasuke nywele.