Mapigo ya Vituo Vitatu: Hesabu ya Wilson Haijafikiwa

Besiboli, mchezo upendwao sana na watu wa Marekani, una vituo vinne vilivyopangwa kwa pembe nne, na kutoka kituo hata kituo ni futi 90. Mpigaji husimama penye kituo cha nyumbani na gongo lake mikononi. Akiupiga mpira ukaenda mbali, huliacha gongo akaanza kukimbia. Akifika kituo cha kwanza salama amefanya vema, na cha pili ni vema zaidi. Lakini wanaofika cha tatu kwa pigo moja ni wachache mno.

Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu; hata akipenda aweza kutembea. Katika pigo la vituo vitatu hana raha hiyo. Mpira ungali uwanjani, mlinzi anaukimbilia, na mpigaji afikapo kituo cha pili hana budi kukata shauri mara moja: abaki pale alipo salama, au ajitie hatarini kwa futi 90 nyingine? Mpira ukimtangulia na akaguswa nao, ametolewa. Kwa hiyo pigo hili lataka nguvu za mikono, wepesi wa miguu na moyo usiositasita, na kwa maoni yetu hupendeza macho kuliko lile la kuvuka ukuta.

Mwaka 1912 Owen Wilson wa Pittsburgh, ambaye jina lake la utani lilikuwa Chief, alipata mapigo 36 ya namna hiyo katika msimu mmoja. Mwaka huohuo Joe Jackson wa Cleveland aliongoza ile ligi nyingine kwa mapigo 26, hesabu kubwa kabisa, lakini Wilson alimpita kwa 10. La ajabu ni kwamba Wilson hakuwa bingwa wa kila mwaka. Katika misimu yake mingine yote hakupata kuvuka 14. Yeye alipiga kwa mkono wa kushoto, na mwenye kupiga hivyo husimama karibu zaidi na kituo cha kwanza. Tena uwanja wa nyumbani kwao, Forbes Field, ulikuwa mpana kupita kiasi, na mahali pengine ukuta ulikuwa mbali zaidi ya futi 450. Mpira ulioangukia huko uliwachosha walinzi.

Kwa jumla ya maisha yote ya uchezaji, mkuu ni Sam Crawford, kinyozi wa zamani kutoka Wahoo, Nebraska, aliyekusanya 309. Mwaka 1914, akiichezea Detroit, alipata 26.

Kisha mambo yakageuka. Babe Ruth alipovusha ukuta mara 54 mwaka 1920, watazamaji walilewa na pigo hilo, na wapigaji wengi wakaacha kutegemea miguu. Viwanja navyo vikajengwa vidogo. George Brett alipopata 20 mwaka 1979 ilihesabiwa kuwa jambo kubwa. Mwaka 2007 Curtis Granderson, naye wa Detroit, ambako uwanja bado ulikuwa mpana, alifikisha 23, na watu wakastaajabu. Hata hivyo alipungukiwa na 13 kumfikia Wilson.