DAWA YA UFAHAMU KUTOKA UCHINA

Mimi ufahamu umenitoa jasho kweli. Nikiliona neno la swali katika kifungu, nanakili sentensi nzima mbio mbio, kisha nashangaa alama zimekwenda wapi!

Wenzetu wa Uchina wana dawa. Kila Juni hufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu uitwao gaokao. Mwaka wa 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42. Karatasi ya Kiingereza ina alama 150, na sehemu moja ya ufahamu ni kifungu chenye mapengo 5. Chini yake kuna sentensi 7. Mbili ni za kukutega tu. Sentensi zote ni nzuri zikiwa peke yake, kosa ni mahali unapoziweka. Basi, wao hujizoeza kuchunguza sentensi inayotangulia pengo na inayolifuata: "hata hivyo" inapinga nini? "Wao" ni akina nani?

Juzi mimi na jirani yangu darasani tulikata sentensi za kifungu cha Kiswahili kwa makasi, tukazichanganya, tukajaribu kuzirudisha. Nilikosa 3 kati ya 5! Lakini jamani, kwa mara ya kwanza nilikisoma kifungu chote. Jaribuni nanyi. Haraka haraka haina baraka.