Saa kumi na moja walikuwa bado sokoni



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Yesu anatoa mfano ambao kila mtafuta kazi anaweza kujiona ndani yake. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anapatana nao dinari moja, yaani ujira wa kutwa. Anatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Mwisho anatoka saa kumi na moja, na hapa Mswahili hahitaji mtu wa kumfafanulia saa: ni ileile saa kumi na moja yetu ya jioni, jua likielekea kuzama. Anawakuta watu wengine wamesimama, nao wanamweleza kwamba hawajapata wa kuwaajiri.

Mara nyingi tunahubiri juu ya ukarimu wa mwenye shamba. Leo tuwatazame hao waliosimama. Wenzao wamechukuliwa makundi kwa makundi, nao wamebaki. Laiti wangekata tamaa saa kumi wakaenda zao, asingewakuta. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Katika parokia zetu wako vijana wengi wenye stashahada na shahada, miaka miwili au mitatu tangu wahitimu, ambao wameanza kukwepa hata sala za jumuiya ndogo ndogo kwa sababu ya swali moja: "Bado hujapata kazi?" Kwao naandika, na kwa wazazi wao.

Kwanza, jua unachoweza kufanya, kisha kiseme. Yule wakili katika Luka 16, alipojua kwamba anafukuzwa kazi, alikaa akajipima: lipi haliwezi, lipi analiweza, na nani wanamfahamu. Bwana wake alimsifu kwa busara yake, si kwa udanganyifu wake. Barua nyingi za maombi ninazoletewa nizipitie husema mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Maneno hayo huandikwa na wote, hata wavivu. Andika ulichofanya: "Kwa miaka miwili nilitunza fedha za kikundi chenye wanachama 30, na kila mwezi niliwasomea taarifa." Hapo mwajiri ameuona uaminifu wako bila wewe kuutaja. Kama ulikuwa mhazini wa VIWAWA au katibu wa kwaya, au ulisimamia mafundi kigangoni, huo ni uzoefu. Usiuache nje ya wasifu wako.

Barua iwe ukurasa mmoja, na iandikwe kwa ajili ya kazi ile iliyotangazwa. Barua moja inayotolewa nakala 50 hutambulika mara moja. Wasifu usizidi kurasa mbili. Waombe wadhamini wako ruhusa kabla ya kuandika majina yao, na hakikisha namba yako ya simu inapatikana.

Pili, simama mahali ambapo mwenye shamba anapita. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwa mtandao. Anayekudai fedha ili "akuingize kwenye mfumo" ni tapeli. Lakini duka la vifaa vya ujenzi, zahanati ya mtu binafsi au karakana mara nyingi hawatangazi popote. Huko inakupasa kwenda mwenyewe, umevaa kwa heshima, ukaeleze kwa maneno machache wewe ni nani na unaweza kuwasaidia nini. Waambie pia ndugu na wanajumuiya. Usiseme, "Nitafutie kazi yoyote," maana mtu hatajua aanzie wapi. Sema, "Nimesomea uhasibu, naweza kuandaa mishahara na hesabu za kodi. Ukisikia nafasi, tafadhali nijulishe."

Ukiitwa kwenye usaili, jifunze kwanza taasisi ile inafanya nini. Wahi kufika. Jibu kwa mfano wa jambo ulilofanya, na usichokijua kiri kwamba hukijui.

Tatu, usiuze ukweli. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa karibu watumishi 10,000 katika utumishi wa umma hapa nchini, wengine wakiwa na miaka mingi kazini. Cheti cha kughushi ni deni linalomngoja mwenye nalo. Ndugu mzazi, usiuze kiwanja ili kumhonga mtu kwa ajili ya mwanao. Utakuwa umemfundisha kwamba kazi hununuliwa, naye kesho atairudisha fedha hiyo kwa kuwadai maskini. Na wewe binti, anayetaka mwili wako ili akupe ajira anatenda dhambi, na kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anatenda kosa la jinai. Aibu ni yake. Nenda TAKUKURU, na sisi wachungaji wako tuwe tayari kukusindikiza.

Nina neno pia kwa sisi tuliokwisha ingia shambani. Wa alfajiri walinung'unika kuona wa jioni wanalipwa sawa nao. Tusirithi roho hiyo. Badala ya kumuuliza kijana kama bado hajapata kazi, tumuulize anaweza nini, kisha tumtaje kwa mtu mmoja tunayemfahamu. Mwajiri Mkristo asimfanyishe kijana kazi miaka mitatu bila mshahara kwa jina la kujitolea. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi mtu asiye na kazi hajapungukiwa utu. Amepungukiwa kazi, nasi tunaweza kumsaidia kuitafuta.

Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, awaombee wote ambao kesho Jumatatu wataamka na kutoka tena na bahasha mkononi. Amina.