Bamia haziponyi baridi yabisi

Swali la bamia limetufikia tena: je, maji yake huongeza ute wa magoti? Hapana. Bamia humeng'enywa tumboni kama mboga nyingine, na utelezi wake haufiki gotini. Tena goti la mwenye baridi yabisi mara nyingi limejaa maji kupita kiasi, halijakauka.

Maji hayo yanatoka wapi? Kiungo kimezungushiwa kwa ndani utando mwembamba unaotengeneza ute. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili huugeukia utando huo kana kwamba ni adui. Chembe nyeupe za damu huuvamia na kutoa kemikali, mojawapo ikiitwa TNF, ambazo huita chembe nyingine zaidi. Utando huvimba, huota mishipa mipya ya damu, kisha hutambaa juu ya gegedu na kuila. Kemikali zile zile huamsha chembe zinazomomonyoa mfupa, na kiungo kilicholika hakirudi kilivyokuwa.

Basi chanzo si kuoga maji baridi, wala si kurogwa. Sigara ndiyo inayoongeza hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi na maradhi haya, asilimia 70 wakiwa wanawake.

Tusiyachanganye na mengine. Jongo hushika ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kwa sababu ya fuwele za asidi ya yuriki. Magoti ya uzeeni huuma zaidi yakitumika. Baridi yabisi hupenda vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi.

Unga wa "miti shamba" unaomwinua mgonjwa kwa siku mbili uogopeni. Daktari Philip Hench alipowapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni huko Marekani mwaka 1948, nao waliinuka upesi. Baadaye uso ukavimba na mifupa ikadhoofu. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta dawa za jamii hiyo zikichanganywa kwa siri kwenye unga kama huo. Kumficha mgonjwa anachomeza si uganga, ni udhalimu.

Viungo vikivimba kwa wiki kadhaa, nenda hospitali upimwe damu. Methotreksati, dawa ya kutibu baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, wala haimfai mjamzito. Wahi: dawa huzuia mfupa usilike, haiurudishi uliokwisha kulika.