Washipa na Penzi la Mulder na Scully

Sijui kama kuna nyuki aliyelaaniwa na watu wengi kama yule wa Juni 1998. Filamu ya kwanza ya tamthilia ya televisheni The X-Files ilitoka tarehe 19 mwezi huo. Katikati yake Dana Scully anafika nyumbani kwa mwenzake wa kazi, Fox Mulder, kumwarifu kwamba anaacha kazi FBI: wamemhamishia Salt Lake City, naye haendi. Anatoka. Mulder anamfuata mpaka koridoni na kumwambia maneno ambayo hajawahi kuyatamka kwa miaka mitano, kwamba bila yeye asingekuwa mtu kamili. Scully machozi yanamlenga. Anamkumbatia, anambusu kwenye paji la uso. Kisha nyuso zinasogeleana taratibu, midomo inakaribia kabisa kugusana, na hapo nyuki aliyejibanza kwenye kola ya Scully tangu walipokimbizwa kwenye shamba la mahindi kule Texas anamchoma shingoni. Scully anaanguka, anachukuliwa na ambulensi ya watu wabaya, na hadithi inahamia Antaktika.

Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ilikuwa mbinu tu ya kusogeza hadithi. Kwa Washipa ilikuwa dhuluma. Nawaita kama kabila kwa sababu waliishi hivyo: walikuwa na adabu zao, wazee wao, watani wao, na imani moja iliyowaunganisha, kwamba Mulder na Scully wanapendana hata kama wenyewe hawajasema. Wengi walikuwa wanawake wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, waliokutana kwa intaneti ya simu ya mezani, ile iliyolia kama mashine inayokata roho kabla ya kuunganisha. Jina walijipa wenyewe katika miaka ya tisini, kutoka neno la Kiingereza relationship, na leo anaitwa hivyo shabiki yeyote duniani anayewaombea wahusika wawili wapendane.

The X-Files ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha Fox tarehe 10 Septemba 1993. Mulder, aliyechezwa na David Duchovny, anaamini viumbe kutoka anga za juu walimchukua dada yake. Scully, aliyechezwa na Gillian Anderson, ni daktari aliyetumwa kumchunguza na kumrudisha kwenye akili za kawaida. Mmoja anaamini kabla ya kuona, mwingine akiona bado anataka kipimo cha maabara. Mtunzi wake, Chris Carter, alirudia mara nyingi kwamba hataki kuwafanya wapenzi. Hapo ndipo Washipa walipopata kazi. Mfululizo wenyewe ulikuwa umewafundisha kwamba serikali hudanganya, kwamba wakubwa hukanusha, na kwamba ukweli uko mahali fulani ukimsubiri mwenye subira. Kama mkuu wa tamthilia anakanusha penzi, basi huyo naye ni mkubwa anayeficha faili. Waliamini kwa moyo wa Mulder, kisha wakakusanya ushahidi kwa mikono ya Scully, na kwa maoni yangu hakuna kundi la watazamaji lililoielewa tamthilia ile vizuri zaidi.

Ushahidi ulikusanywa kwa deki. Kila sehemu ilirekodiwa kwenye kanda, ikaangaliwa, ikarudishwa nyuma, ikasimamishwa, mpaka picha ikatetemeka kwenye kioo. Mkono wa Mulder kiunoni mwa Scully anapompisha mlangoni: uliwekwa kwenye orodha. Jicho lililokaa sekunde moja zaidi ya kawaida: orodha. Chukua sehemu iitwayo Tooms, ya Aprili 1994. Wawili hao wamekaa ndani ya gari usiku, wanamvizia muuaji. Scully ameleta mfuko wa chakula. Mulder anatania kwamba kama mle ndani kuna chai ya barafu, basi huenda hilo ni penzi. Scully anachungulia mfuko na kumjibu kwamba lazima ni majaliwa, kilichomo ni soda ya mizizi. Mazungumzo ya sekunde chache, ya watu waliochoka. Washipa waliyajadili kwa miaka. Aliyependa kubisha alisema huo ni utani wa kazini. Mzee wa kabila alijibu kwamba mtu hataniani juu ya penzi na asiyempenda, na kwamba tazama jinsi Scully anavyotabasamu kabla ya kuutoa mkebe.

Katika gari lile lile Scully anajaribu kumwita mwenzake Fox, jina lake la kwanza. Mulder anacheka na kumwambia kwamba hata wazazi wake aliwalazimisha wamwite Mulder. Kuanzia hapo jina la ukoo likawa ndilo la mapenzi, na jina la kwanza likawa la msiba. Miezi michache kabla ya hapo, baba yake Scully alipofariki katika Beyond the Sea, Mulder alimwita Dana, na Washipa hawakusahau. Walijua kwa kichwa kila mahali jina hilo lilipotumika, nani alikuwa mgonjwa na nani alikuwa analia.

Hoja zao nyingine zilihitaji ujasiri. Katika Small Potatoes, ya mwaka 1997, mtu mmoja mwenye uwezo wa kugeuza sura anajifanya Mulder, anampelekea Scully chupa ya mvinyo, wanapiga soga kwenye sofa, na anakaribia kumbusu. Mulder wa kweli anavunja mlango. Mwenye akili timamu atasema Scully alidanganywa. Washipa walisema: ndiyo, alidanganywa, lakini yeye mwenyewe alidhani ni nani? Na mbona hakujiondoa? Hoja hiyo sijawahi kusikia mtu akiijibu vizuri.

Desturi yao kubwa kuliko zote ilikuwa kuandika. Usiku ule ule sehemu ilipokwisha, watu walikaa kwenye kompyuta kuziba pengo ambalo waandishi wa televisheni walikuwa wameliacha: Scully alipofika nyumbani alifanya nini? Nani alimpigia nani simu saa nane ya usiku? Hadithi hizo zilihifadhiwa kwenye ghala la intaneti lililoitwa Gossamer, maelfu kwa maelfu, na kila moja ilitanguliwa na vichwa vya habari visivyokwepeka. Jina la hadithi. Mwandishi. Kama inafaa watoto au la. Inafichua sehemu zipi. Ni ya mapenzi, ya majonzi au ya kuchekesha. Herufi tatu, MSR, zilitosha kumjulisha msomaji kwamba humu ndani mapenzi ya Mulder na Scully yapo, asije akalalamika baadaye. Mwisho ukaja mstari wa kukiri kwamba wahusika hawa ni mali ya Chris Carter na Fox, kwamba mwandishi amewaazima tu, hapati hata senti. Haukuwa unyenyekevu mtupu. Wanasheria wa Fox walikuwa wamekwisha kuwaandikia barua kali baadhi ya wenye tovuti za mashabiki.

Malipo yalikuwa barua ya msomaji. Kumsoma mtu na kunyamaza ilihesabika uchoyo. Kabla ya kuchapisha, mwandishi mwenye adabu alimpa mwenzake asome kwanza, amsahihishe tahajia na kumkumbusha kwamba Mulder hana kitanda. Hili la kitanda lilikuwa jambo zito. Kwa miaka mtu yule alilala kwenye sofa ya ngozi, na waandishi wa hadithi za mapenzi walipata taabu sana nayo, mpaka mwishoni mwa 1998 alipotokea mtu mwingine aliyebadilishana naye mwili, akakifagia chumba na kukiwekea kitanda cha maji. Nadhani hakuna fanicha iliyopokelewa kwa shangwe kama ile.

Ilikuwapo pia miiko. Mkubwa kati yake ulihusu siri ya hadithi. Fox ilirusha kipindi pwani ya mashariki saa tatu kabla ya pwani ya magharibi, na Waingereza walisubiri miezi. Kwa hiyo aliyekwisha kuona hakuropoka. Aliandika onyo juu, kisha akaacha mistari mingi mitupu, mstari baada ya mstari, ili macho ya mtu wa California yasije yakaangukia jambo ambalo hajaliona. Kuvunja mwiko huo kulimletea mtu matusi ya wiki nzima.

Na watani walikuwapo. Wanoromo walijiita hivyo, kutoka Kiingereza no romance, kwa kuwa hawakutaka mapenzi. Walipenda kipindi kile kile, watu wale wale wawili, lakini walishikilia kwamba uzuri wake ni mwanamume na mwanamke wanaoheshimiana, wanaotegemeana hadi kufa, bila kulala pamoja. Uhusiano wa makundi haya haukuwa uadui hasa. Ulifanana na utani wa Wahehe na Wangoni: watu waliokwisha kupigana vya kutosha mpaka wakabaki na haki ya kutukanana msibani. Mimi moyo wangu uko kwa Washipa, lakini hoja ya Wanoromo ilikuwa na uzito. Televisheni ya wakati ule ilikuwa na wapenzi wa kutosha. Mwanamke mwanasayansi anayebishana na mwanamume kila wiki, anayemshinda mara nyingi, na anayesikilizwa, huyo alikuwa adimu. Lilikuwapo hata kundi lililojifanya shirika la kitawa kumtukuza Mtakatifu Scully, na wanachama wake wakiitana masista. Wao walimtaka Scully, na Mulder walimvumilia.

Kisha penzi likaja, kwa vipande vipande kama ruzuku. Tarehe 28 Novemba 1999, katika sehemu iitwayo Millennium, mwaka 2000 unaingia huku Mulder na Scully wamesimama hospitalini wakitazama televisheni. Mulder mkono wake umetundikwa kwenye kitambaa. Anamgeukia, anambusu mdomoni, busu fupi la watu wasio na haraka, kisha anasema kwamba dunia haikuisha. Ndiyo yote. Miezi michache baadaye, Aprili 2000, Gillian Anderson aliandika na kuongoza mwenyewe sehemu iitwayo all things. Inaanza Scully akivaa mbele ya kioo cha bafuni, na nyuma yake, kitandani, Mulder amelala. Hakuna anayeeleza chochote. Mwishoni tunawaona wakizungumza kwenye sofa usiku wa kabla, Scully anasinzia katikati ya maneno, Mulder anamfunika blanketi. Washipa walikesha wakibishana: asubuhi ile na usiku ule vinafuatana vipi? Na hilo blanketi lina maana gani? Kwa kweli walipewa walichokuwa wakikiomba, na jambo la kwanza walilofanya ni kulifungulia uchunguzi.

Mwaka uliofuata Mulder alikuwa hayupo sehemu kubwa ya msimu, kwa kuwa Duchovny alipunguza kazi, na Scully alikuwa mjamzito. Watu wengi waliondoka. Busu la wazi, lenye mtoto mchanga mikononi, lilionyeshwa tarehe 20 Mei 2001, na nasikitika kusema kwamba si zuri kama lile lililoharibiwa na nyuki. Siyo kosa la waigizaji. Miaka minane ya kusubiri ilikuwa imezaa maelfu ya mabusu kwenye hadithi za mashabiki, na mengine yaliandikwa vizuri kuliko lolote ambalo Hollywood ingeweza kupiga picha.

Wiki mbili kabla ya busu hilo, waandishi wa kipindi walifanya jambo ambalo wageni hawakulitambua. Katika sehemu iitwayo Alone walimleta ajenti kijana, ametoka idara ya hesabu, kazi yake ilikuwa kukagua madai ya safari za Mulder na Scully, kwa hiyo anakijua kila kisa chao. Alipewa jina la mwandishi mmoja wa hadithi za mashabiki aliyefariki kwa saratani mapema mwaka huo. Mwishoni yumo kitandani hospitalini, Mulder na Scully wamesimama mbele yake, naye anauliza swali ambalo Washipa walikuwa wakiuliza tangu 1998: kule Antaktika, gari lilipoishiwa mafuta, mlirudije? Wawili hao hawamjibu. Wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama kule Antaktika chombo cha anga kilionekana au hakikuonekana, na yeye anawaangalia kwa furaha ya mtu aliyeletewa mabishano hayo mpaka kitandani.

Baada ya kipindi kufungwa mwaka 2002, kabila halikutawanyika lote. Filamu ya 2008 iliwaonyesha wakiishi nyumba moja, Mulder na ndevu zake, na baada ya majina ya watengenezaji kupita kwenye kioo walionekana kwenye mtumbwi katika bahari ya nchi ya joto, wakimpungia mtazamaji mkono. Mwaka 2016 kipindi kiliporudi, wameachana. Washipa wazee, ambao sasa walikuwa na watoto wa umri wa kuolewa, walighadhibika kama ndugu wa bibi harusi ambao hakuna aliyewashauri. Mwaka 2018, katika Plus One, wakarudishwa kitanda kimoja, na katika sehemu ya mwisho, ya tarehe 21 Machi, Scully anamwambia Mulder kwamba ana mimba tena, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Wapo waliofurahi. Wengi walisema hawaitambui hiyo mimba, kwamba mwandishi amechoka na sasa anabahatisha, wakarudi kuandika mwisho wao wenyewe, vichwa vya habari juu, onyo la siri, na mstari wa kukiri kwamba wahusika ni wa kuazima.